Joto Lililolala Mlangoni

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Fidelia Mlowe aliinjika sufuria ya maharage jikoni kwake, katika kitongoji cha Mlangavi, kando ya barabara ya kwenda Njombe ukitokea Makambako. Maharage yalikuwa yamelala kwenye maji tangu jana yake mchana. Aliyachemsha kwa dakika ishirini, yakiwa yamefunikwa, na juu ya mfuniko ameweka jiwe. Kisha akaepua, akaitia sufuria ndani ya tenga la mianzi lililojazwa maganda ya mahindi na nusu ya blanketi la marehemu mumewe, akalifunika tenga kwa mto. Akazivuta kuni mbili kutoka mafigani, akazizima kwenye majivu ili zifanye kazi tena kesho. Maharage yangeiva yenyewe hadi saa sita, bila moto na bila mtu wa kuyachungulia.

Majirani zake walipika maharage kwa saa tatu na mzigo mzima wa kuni. Fidelia hakuwasema. Aliwatazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Chumba cha pili walilala binti yake, Yunis, na mtoto wa Yunis, ambaye alizaliwa kwa miezi saba akiwa na kilo moja na gramu mia nne. Baba wa mtoto alikuwa safarini na lori la viazi. Hospitali ilikuwa imemtunza mtoto wiki tatu, kisha nesi mmoja aitwaye Nelly akamruhusu kwa masharti: akae kifuani, ngozi kwa ngozi, chumba kiwe na joto, na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika moja, kwa sababu hewa yake haina harufu na huua watu wakiwa wamelala vizuri tu.

"Akifika kilo mbili atajitunzia joto mwenyewe," Nesi Nelly alisema. "Kabla ya hapo, joto ni kazi yenu."

Ilikuwa kazi kweli. Mwezi wa sita upepo wa Makambako hauna adabu. Huingia bila hodi, huketi kitandani, na hauagi.

Mtoto hakuwa na jina. Yunis alitaka apewe upesi, Fidelia akakataa.

"Jina ni mzigo," alisema. "Afike kilo mbili kwanza, ndiyo abebeshwe."

"Sasa mama, nimwiteje?"

"Mwite mtoto. Yuko peke yake humu ndani, hatachanganyikiwa."

Na kuhusu kuzaliwa kabla ya wakati, Fidelia hakuona cha kulilia. "Ameepuliwa mapema tu," alisema. "Ataivia tengani." Yunis alidhani huo ni usemi.

Uani palikuwa na nguzo ya umeme. Ilisimikwa miaka miwili nyuma, siku mbili kabla ya ugeni mkubwa kupita barabarani, pamoja na nguzo nyingine kumi na nne, na waya ukaahidiwa wiki inayofuata. Wiki inayofuata ilikuwa bado haijafika. Fidelia aliifahamu nguzo ile binafsi. Ilikuwa mlingoti, yaani mkaratusi, ambao mumewe, Danford, aliupanda bondeni mwaka aliobatizwa Yunis. Uliuzwa ukiwa umesimama, ukakatwa, ukapelekwa Makambako kiwandani kuchovywa dawa, ukarudi juu ya lori ukiwa na namba. Aliutambua kwa kovu la kamba ya ng'ombe. Siku uliposhushwa, Fidelia aliusalimia kwa Kibena, "Kamwene," na nguzo ikaitikia "Kamwene" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetoka safari ndefu na hataki kuulizwa habari za huko. Baada ya hapo aliifungia kamba ya kuanikia nguo.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Nahumu, alikuwa na daftari lenye safu mbili: nyumba zilizounganishwa umeme na zisizounganishwa. Alipouliza nyumba yenye nguzo iandikwe wapi, alijibiwa kutoka mjini kwamba nguzo ni mwanzo wa kuunganishwa, na jambo likishaanza limekwishaanza. Akaandika nyumba kumi na tano katika safu ya kwanza. Nyumba ya Fidelia ilikuwa namba kumi na nne.

Ndiyo maana semina ilikuja.

Iliendeshwa siku ya Jumatano katika kanisa la Kilutheri, na kijana aitwaye Odilo kutoka ofisi ya Mradi wa Kaya Makini, Njombe mjini. Odilo alivaa koti zito na skafu, na aliwagawia watu thelathini na mmoja vipeperushi vya karatasi inayong'aa, vyenye maagizo kumi ya kuokoa nishati nyumbani. La kwanza lilisema: zima taa unapotoka chumbani. La nne, kwa herufi nzito: usifunue chungu kabla ya wakati, kila ukifunua, unaanza upya. La saba lilihusu friji na la tisa lilihusu pasi.

Jirani wa Fidelia, Joackim, mtu wa goti bovu na mdomo mzima, alinyoosha mkono.

"Mtaalamu, mimi friji sina. Sasa hiyo nisiyokuwa nayo, niifungue mara ngapi kwa siku?"

Kanisa likacheka hadi kwenye viti vya kwaya.

"Mara chache iwezekanavyo, mzee," Odilo alijibu, akaandika katika taarifa yake kwamba maswali yalikuwa mazuri.

Fidelia hakucheka. Alikuwa na swali la kweli.

"Mwanangu, hili joto tunaloliokoa linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, mama. Nishati haipotei."

"Haipotei kabisa?"

"Kabisa. Nimeisomea."

"Basi sawa," Fidelia alisema, akakikunja kipeperushi na kukitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Ni lazima ifahamike kwamba Fidelia alifundishwa kipaimara na mchungaji wa zamani aliyeamini kuwa amri hazichaguliwi kama viazi sokoni. Ukishika tisa ukaacha moja, umeacha kumi. Kwa hiyo aliyashika maagizo yote kumi, yaliyomhusu na yasiyomhusu. Alifunika kila kinachofunikika. Aliziba nyufa za madirisha kwa matambara na tope. Chai ilikaa kwenye chupa, haikupashwa mara ya pili. Friji isiyokuwapo aliifungua mara moja tu kwa siku, asubuhi, akaifunga upesi. Nguo zote alizipiga pasi isiyokuwapo Jumamosi kwa mkupuo mmoja, badala ya kuiwasha kila siku. Na kila alipotoka chumbani alinyoosha mkono, akaubonyeza ukuta wa udongo pale ambapo swichi ingekuwa kama ingekuwapo.

"Mama," Yunis alisema siku ya kwanza, "unazima nini?"

"Taa."

"Ipi?"

"Ndiyo imezimika. Utaionaje?"

Siku ya nane, Fidelia alifunua tenga saa sita mchana, kwa wakati wake, akakuta maharage bado yanatokota. Walikula. Yaliyobaki aliyafunika. Kesho yake yalikuwa yakitokota. Siku ya kumi sufuria ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa juu ya uchaga, na bado ilitokota.

Joto lilikuwa limeanza kujaa. Lilipolizidi tenga kimo, lilitoka lenyewe, likazunguka jikoni kutafuta pa kukaa, likaenda kulala kwenye kizingiti cha chumba cha mtoto. Siku ile lilikuwa na ukubwa wa paka. Jumapili lilikuwa kama mbuzi. Wiki iliyofuata lilikuwa na ukubwa wa ndama, lina rangi ya asali inayotazamwa juani, na lilipumua taratibu, ubavu ukipanda na kushuka.

"Mama, limelala mlangoni," Yunis aliita. "Nipite wapi?"

"Liruke. Usilikanyage, limechoka."

Yunis aliliruka akiwa na mtoto kifuani. Alipokuwa juu yake kabisa, mtoto, ambaye tangu azaliwe alikuwa amefumba macho kama mtu aliyeona ya kutosha, aliyafumbua. Alilitazama joto. Joto nalo likainua kichwa likamtazama. Walikaa hivyo kwa muda, na Yunis akabaki amesimama mguu mmoja huku na mwingine kule, asithubutu kuvuka wala kurudi, kwa sababu ilikuwa kama kukatiza mbele ya watu wanaosali. Fidelia aliyaona hayo kutoka jikoni. Aliuvua mtandio wake kichwani, akaukunja, akauvaa tena.

Jumatatu, mizani ya zahanati ilisema kilo moja na gramu mia sita na hamsini.

Kisha ikaja sakitu. Haikuwa sakitu ya kawaida; ilikuwa ya kule Iwawa milimani, iliyopotea njia. Watu wa Mlangavi waliamka wakakuta viazi vyao vimeungua vyeusi, nyasi zimekuwa kama vioo na maji ya kuku yamekuwa mawe. Kwa Fidelia hali ilikuwa tofauti. Kuanzia nguzo hadi nyuma ya choo, ardhi ilikuwa ya kijani, mviringo kama imechorwa kwa kamba. Maboga yalikuwa yametoa maua. Nyuki, ambao mwezi wa sita hawana shughuli yoyote duniani, walikuwa kazini. Mvuke mwembamba ulipanda kutoka kwenye bati, ukaenda juu moja kwa moja, na upepo wa Makambako ulipofika pale ulipunguza mwendo, ukapita pembeni.

Kuku wa kitongoji kizima walikuwa wamekwishafika. Watu walifuata. Hakuna aliyeuliza kitu. Walisimama kwenye ukingo wa sakitu, wakavua viatu, ndipo wakaingia. Mwanamke mmoja alikuja na unga wa maandazi uliokataa kuumuka. Mwingine alileta soksi mbichi za wanawe wanne. Joackim alileta goti.

Alilisogelea joto pale mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo," aliliambia.

Joto halikuitikia.

"Limelala, Baba Filbert," Fidelia alimwambia Joackim. "Weka goti hapo, halafu unyamaze. Na ukitoka funga mlango, joto si lako wewe peke yako."

"Mama Yunis, umekuwa mkali tangu utajirike."

Lakini alinyamaza. Walikaa watu kumi na saba katika chumba cha hatua nne kwa tatu, migongo ukutani, na kwa saa nzima kilichosikika ni pumzi ya lile joto na, ndani yake, kama uzi ndani ya kitambaa, pumzi ya mtoto. Joackim alisema baadaye kwamba aliwahi kwenda mara mbili kwenye mkutano mkubwa wa injili, wenye vipaza sauti, na hakusikia kitu kikubwa namna ile.

Kilo moja na gramu mia nane.

Njombe mjini, katika ofisi ya Mradi wa Kaya Makini, mratibu aitwaye Lenard alikuwa akisoma orodha ya nyumba zilizounganishwa umeme na kiasi zilichotumia. Nyumba namba kumi na nne, Mlangavi, ilikuwa imeunganishwa kwa miaka miwili na matumizi yake, tofauti na sifuri za majirani zake, yalikuwa chini ya sifuri. Hakuna kaya yoyote mkoani iliyokuwa na nidhamu ya namna hiyo. Lenard aliita gari.

Alifika na Odilo, na kipimo ndani ya sanduku. Walivua viatu kwenye ukingo wa sakitu kama watu wengine. Lenard alilizunguka joto mara mbili, akaligusa na ncha ya kipimo, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Ilimbidi aandike namba katika mistari miwili, kwa kuwa haikuenea katika mmoja.

"Hongera sana, mama," alisema. "Hii ni akiba. Na akiba ya nishati, kwa mujibu wa mwongozo wa mradi, ni ya wote. Tutakuletea waya."

Watu waliokuwa uani walipiga vigelegele. Mzee Nahumu alilia waziwazi, kwa kuwa daftari lake lingekuwa kweli. Fidelia alisubiri vigelegele viishe.

"Waya wa kuleta au wa kupeleka?"

Lenard alitabasamu. "Mama, waya ni waya."

"Na kamba ni kamba. Lakini ng'ombe anajua kama anapelekwa malishoni au buchani."

Lenard aliangalia saa. Mzee Nahumu alimvuta Fidelia pembeni, nyuma ya nguzo.

"Usiniharibie, mdogo wangu. Ukiukataa huo waya, wamesema watang'oa nguzo zote kumi na tano. Watu watanila nyama."

"Mtoto ana kilo moja na mia tisa, Mwenyekiti. Bado gramu mia."

"Waya unakuja Ijumaa. Gramu mia hazitafika?"

"Mtoto si jogoo, useme umlishe pumba."

Odilo alibaki nyuma kufunga sanduku. Alikuwa amevua skafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie Njombe. Fidelia alimwendea.

"Mwanangu, niambie kweli. Huo waya unavuta joto gani?"

Odilo alibana kifuniko cha sanduku. "Lote lililo wazi, mama. La kwenye kuta, la kwenye sakafu, la kwenye blanketi."

"La mtu?"

"Kama liko wazi."

"Na lililofunikwa?"

Odilo alitoa kipeperushi mfukoni, akakisoma kama mtu asiyewahi kukiona. "Lililofunikwa halihesabiki mpaka lifunuliwe," alisema polepole. "Ni kutokana na agizo la nne."

"Nani aliyaandika haya maagizo?"

"Bosi. Mwenyewe, kwa mkono wake. Anayajua kwa moyo."

"Haya," Fidelia alisema. "Nenda salama, na ufunge shingo, nje kuna baridi."

Ijumaa saa nne asubuhi lilikuja gari lenye ngazi. Mafundi wawili walipanda nguzo, mmoja upande wa kovu, na nguzo ikaguna. Waya ulitoka kwenye laini kubwa ipitayo juu ya bonde kuelekea mjini, ukaja hadi juu ya bati la Fidelia, ukapita chini ya mwamba wa paa, ukashuka ukutani, ukaishia sentimita tano kutoka mahali ambapo kwa wiki tano alikuwa akizima taa.

Kitongoji kizima kilikuwapo. Kwaya iliimba beti mbili. Lenard aliingia ndani na fomu yenye orodha ya vitu vinavyohifadhi joto. Alitembea akiandika.

"Mafiga, baridi. Sufuria, moja, inatokota tupu. Kuta nne. Blanketi, nusu." Akafika kwenye kona. "Tenga, moja."

Tenga lilikuwa juu ya kigoda. Halikuwa na mto siku hiyo; lilifunikwa kwa khanga nyepesi inayopitisha hewa, imefungwa pembeni kwa pindo. Yunis alisimama kando yake, mikono mitupu, vidole vikiwa vimefungana. Lenard alinyoosha mkono kushika ncha ya khanga.

"Namba nne inasemaje, bosi?" Fidelia aliuliza.

Mkono wa Lenard ulisimama hewani.

"Samahani?"

"Agizo la nne. Mimi ni mtu mzima, kichwa kinavuja. Nikumbushe."

Nyuma yao mlango ulikuwa umejaa watu. Mzee Nahumu alikuwa na kipeperushi. Kwaya ilikuwa na vipeperushi. Joackim alikuwa amekitumia chake kuwashia moto, lakini alikuwapo. Kwa sauti ya mtu anayesomewa barua yake mwenyewe, Lenard akasema:

"Usifunue chungu kabla ya wakati. Kila ukifunua, unaanza upya."

"Ahsante," Fidelia alisema.

Ndani ya tenga kilisikika kitu kidogo, kama mlio wa paka akiwa mbali.

"Maharage hayo," Joackim alisema kutoka mlangoni. "Yanachemka."

Lenard alilitazama tenga. Alikuwa mtu wa maandishi, na maandishi yalikuwa yake.

"Kuna nini humu, mama?"

"Kitu kilichoepuliwa mapema."

"Kitaiva lini?"

"Jumatatu."

Alishusha mkono. Akaandika kwenye fomu: *Tenga, moja, linaendelea*. Kisha akatoka uani na kumwashiria fundi.

Joto liliinuka kutoka kizingitini. Halikupigana. Lilijinyoosha kwanza miguu ya mbele halafu ya nyuma, kama ng'ombe mwenye tabia njema aliyeitwa kwa jina, likatembea chumbani kote na kuondoa lake mahali palipokuwa pake: ukutani, sakafuni, kwenye blanketi, kwenye vidole vya Yunis. Lilipofika kwenye tenga lilisimama. Liliinamisha kichwa juu ya khanga, likakaa hivyo. Halikuweza kuchukua kitu, kwa kuwa palikuwa pamefunikwa. Lakini Fidelia, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliona kwamba lilipoinua kichwa lilikuwa dogo kidogo kuliko lilivyokuwa lilipoinama.

Kisha likapanda waya. Watu walitoka nje kulitazama. Lilipita juu ya bati, likapita kwenye nguzo, ambayo ilijitahidi kutazama upande mwingine, likaingia kwenye laini kubwa, na bonde zima likawa la rangi ya asali, kuanzia kijito hadi kwenye miti ya juu. Wanaume walivua kofia. Mtu mmoja wa kwaya alianza wimbo na kuuacha. Lilikwenda bila haraka, nguzo hadi nguzo, likipita juu ya nyumba kumi na nne zilizoandikwa katika safu ya kwanza, bila kushuka hata kwa moja, likaishilia upande wa Njombe.

Baridi iliingia saa ileile. Maboga yalikunja maua yao kama watu wanaofunga maduka. Kuku walirudi kwao, kila mmoja kwa mwenye kuku.

Kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu tenga halikufunuliwa ila kwa maziwa, na maziwa yalipitishwa kwa kijiko chini ya pindo la khanga, gizani, kwa kupapasa. Fidelia na Yunis walilala pande zake mbili, wamevaa kila kilichovalika. Maji ya kunawa yaliganda ndani ya beseni kando yao. Fidelia hakuwasha kuni zaidi ya mbili. Jumamosi Yunis alilia.

"Mama, kama amepoa je? Nifunue kidogo tu nimwone."

"Weka mkono nje ya tenga. Usifunue."

Yunis aliuweka. Mianzi ilikuwa baridi. Aliuacha pale pale, hata mkono ukafa ganzi. Asubuhi ya Jumapili, kengele ya kwanza ya kanisa ilipolia, mianzi ilikuwa vuguvugu. Ya pili ilipolia, ilikuwa ya moto. Joto lile halikutoka kwao, kwa kuwa wao hawakuwa na kitu. Lilitoka ndani.

Jumatatu, kwa wakati wake, Fidelia alifungua pindo la khanga. Mtoto alikuwa macho, mashavu yamejaa, anatoa mvuke. Alikuwa mwekundu kama kiazi kilichotoka majivuni, na punje zilizosalia katika maganda ya mahindi chini yake zilikuwa zimegeuka bisi.

Katika zahanati, Nesi Nelly alimweka kwenye mizani, akaondoa mkono, akasubiri mshale utulie.

"Kilo mbili na gramu hamsini. Sasa huyu anajitunza mwenyewe. Jina?"

Odilo alikuwa ametuma ujumbe akipendekeza Nishati. Fidelia alimwita Esnath, jina la bibi yake mzaa mama, aliyekuwa mwanamke mnene na asiyehamishika. Nesi aliandika kwenye kadi. Mtoto aliubeba mzigo wake bila kuyumba.

Mwezi wa nane Fidelia aliitwa Njombe kupokea tuzo ya kaya bora. Alipewa cheti chenye fremu ya kioo na balbu moja inayookoa umeme, ndani ya boksi. Lenard alimpongeza kwa mikono miwili. Fidelia aliuliza kuhusu waya wa kuleta, na Lenard akasema uko kwenye mpango, na kwamba kwa kadiri ya orodha nyumba namba kumi na nne imeunganishwa, na sasa hilo hakuna anayeweza kulibisha, waya upo, kila mtu ameuona. Odilo alikuwa amesimama dirishani, amefunga skafu, anaangalia viatu vyake.

Alipotoka, Fidelia aliona taa ya geti la ofisi. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na taa ilikuwa ikiwaka.

"Mbona hamzimi?" alimuuliza mlinzi.

"Haizimwi, mama. Ni ya kuonyesha kwamba umeme upo."

Fidelia aliisogelea. Ilikuwa na rangi ya asali, na kwa aliyekuwa akiifahamu, ilipumua. Aliweka kiganja kwenye kioo chake. Taa ikainua kichwa kidogo, ikamtambua, ikalala tena. Alinyoosha mkono, akabonyeza ukuta kando ya geti, mara moja, mara mbili. Haikuzimika. Mlinzi alimwambia mabasi ya Makambako huondoka kila yakijaa.

Balbu aliitundika sebuleni kwa uzi wa katani, kwa kuwa agizo la pili lilisema tumia balbu inayookoa umeme. Nguzo iko palepale, inaanikiwa nguo. Maharage yanalowekwa jana yake. Joto bado linatoka tengani na kulala mlangoni, na kila Ijumaa saa nne waya hulivuta likiwa na ukubwa wa paka. Joackim huja Alhamisi, na goti lake. Mzee Nahumu ameongeza safu ya tatu katika daftari, lakini hajaambiwa iitwe nini.

Esnath ana meno mawili. Waya haujawahi kumpata, Ijumaa hufunikwa.

Na kila jioni, Fidelia anapomtoa sebuleni kwenda kumlaza, husimama mlangoni chini ya balbu isiyowaka. Huushika mkono wa mtoto, na mtoto kwa kidole kimoja hubonyeza ukuta wa udongo, kwa sababu amri hufundishwa mapema. Njombe mjini, getini, taa isiyozimwa mchana wala usiku huongezeka mwanga kidogo.